Vitamini D na Mifupa ya Samaki wa Kufugwa

Aghalabu itajwapo vitamini D, humjia mtu akilini jua la asubuhi, na mtoto mchanga anayeoteshwa jua hilo ili mifupa yake ikomae, na pengine ile chupa ya mafuta ya ini la samaki ambayo watoto wengi walinyweshwa huku wamefumba macho. Mafuta hayo yana historia yake, kwani mwaka 1919 tabibu Mwingereza Edward Mellanby alidhihirisha, kwa kuwalisha watoto wa mbwa, kwamba mafuta ya ini la samaki wa cod huzuia matege, na mwaka 1922 Elmer McCollum, huko Baltimore nchini Marekani, akakiita kiini kilicho ndani yake vitamini D. Walakini ni wachache waliouliza samaki mwenyewe ameipata wapi hazina hiyo. Na swali hilo, ambalo zamani lilikuwa la wanazuoni peke yao, leo linamhusu kila afugaye perege bwawani au katika vizimba vya Ziwa Viktoria.

Samaki huipata kwa kula. Nuru ya jua haiitengenezi ngozini mwake kwa kiasi cha kumtosha, bali huikusanya kutoka kwa viumbe wadogo waeleao majini na kwa samaki wadogo waliokwisha kuwala viumbe hao, kisha huiweka akiba inini mwake na katika mafuta ya mwili. Hapo ini na figo huigeuza hatua kwa hatua hata ikawa homoni, nayo homoni hiyo huziamuru chembe za utumbo zipokee kalisi na fosforasi, madini mawili ambayo kwayo mifupa na magamba hujengeka. Kufikia hapa, samaki na ng'ombe hawatofautiani sana.

Tofauti imo katika maji. Ng'ombe hategemei ila malisho na maji anywayo, ilhali samaki huishi ndani ya madini yenyewe, na matamvua yake, yale mashavu mekundu ambayo mnunuzi huyafunua sokoni kuangalia kama samaki hajachacha, hayakuumbwa kwa kupumulia tu, bali pia hufyonza kalisi moja kwa moja kutoka majini. Maji ya bahari yana kadiri ya miligramu 400 za kalisi katika kila lita; maji ya Ziwa Viktoria yana miligramu chache tu, na hata hivyo matamvua huweza kuchuma humo sehemu kubwa ya haja ya samaki. Fosforasi ndiyo isiyopatikana kwa njia hiyo, maadamu ni haba mno majini, nayo haina budi kutoka katika chakula. Kwa hiyo naona ni kosa kumpimia samaki vitamini D kwa mizani ya kuku au ndama, ambao hesabu yao huanza na kalisi. Hesabu ya samaki yafaa ianze na fosforasi, na kabla ya hapo iulizwe anaishi katika maji ya namna gani.

Majaribio yenyewe yanashuhudia jambo hili. Trauti walionyimwa vitamini D walidumaa, mafuta yakajaa maini yao, na misuli yao myeupe ikakakamaa kwa kuvurugika kwa kalisi mwilini. Haja yao ilikadiriwa kuwa vipimo vya kimataifa 1,600 hadi 2,400 katika kila kilo ya chakula. Huko Taiwan, mwaka 1993, perege chotara walionekana kutosheka na vipimo 375 hivi, ambavyo havifiki hata maikrogramu 10. Mwaka uliofuata jaribio jingine, la perege wa buluu waliowekwa katika maji yenye kalisi kidogo, lilionyesha kwamba walihitaji sana kuongezewa kalisi katika chakula, lakini vitamini D haikuwaletea faida iliyo dhahiri. Msomaji asidhani kwamba mtafiti mmoja amesema kweli na mwingine amekosea, kwani samaki hawakuwa wa aina moja, wala maji hayakuwa mamoja, wala akiba waliyoingia nayo katika jaribio haikuwa sawa.

Na jinsi hukumu hizo zinavyotolewa yastahili kutazamwa kwa karibu. Mtafiti humchukua samaki, akamchemsha kidogo hata nyama ikaachana na mfupa, akautoa uti wa mgongo na kuuosha mafuta yake, akaukausha na kuupima, kisha akautia katika tanuri kali mpaka kila kiunguacho kikaungua. Kinachobaki ni jivu jeupe, nalo ndilo madini. Samaki wawili waweza kulingana kwa urefu na kwa uzito, mfugaji akawauza kwa bei moja, lakini jivu la uti wa huyu likawa pungufu kuliko la mwenziwe. Na upungufu huo huwa umeanza siku nyingi kabla mgongo haujapinda wala taya halijalegea.

Haya yote yamezidi kuwa na uzito kwa sababu chakula cha samaki kinabadilika. Maadamu dagaa walikuwa wengi na rahisi, walileta pamoja protini, fosforasi iyeyukayo upesi tumboni, na vitamini D ya kutosha, wala hapakuwa na haja ya kupiga hesabu. Sasa dagaa ni ghali, na binadamu anawahitaji kwa kitoweo chake, basi mahali pao pamechukuliwa na soya, mashudu ya alizeti na ya pamba, na pumba za mahindi. Mimea hiyo ina fosforasi nyingi, lakini sehemu kubwa yake imefungwa katika fiteti, ambayo samaki hana kimeng'enya cha kuifungua, na vitamini D haimo ila kidogo sana. Hivyo samaki hupungukiwa mara mbili kwa badiliko moja, na fosforasi asiyoweza kuimeng'enya hutoka na kinyesi, ikaurutubisha mwani wa ziwa hata maji yakachafuka. Kumwongezea vitamini D pasipo kumtilia fitesi, kimeng'enya kiifunguacho fiteti, au fosforasi ya chumvi iyeyukayo, ni kumfungulia mlango mgeni ambaye hajafika.

Kuzidisha nako hakufai. Samaki wakubwa wa jamii ya samoni huvumilia kiasi kikubwa cha ajabu, lakini vifaranga wachanga ni wengine kabisa: kwa vifaranga wa samaki wa bahari aina ya sea bass imeonekana kwamba upungufu na ziada, vyote viwili, huzidisha vilema vya mifupa. Tena vitamini hii si ya kudumu. Joto, unyevu na hewa huidhoofisha ghalani, na chumvi za chuma na shaba zinazochanganywa nayo katika unga mmoja wa virutubisho huharakisha kuharibika kwake. Ndiyo maana watengenezaji waangalifu huifunika kwa utando mwembamba, huyaweka madini mbali na vitamini mpaka siku ya kuchanganya chakula, na huandika juu ya gunia tarehe ya kutengenezwa.