Nakala Rudufu Hupimwa kwa Kurejeshwa

Tangu mwaka 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika kata ya Kisesa, wilayani Magu, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Huandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama, na kila baada ya miaka kadhaa hupima pia maambukizi ya VVU. Thamani ya taarifa hizo imo katika kuungana kwake: mtoto aliyeandikwa katika awamu za mwanzo leo ni mtu mzima mwenye kaya yake, na kinachoonesha kuwa ni yuleyule ni kanzidata. Ziwani nako ni hivyohivyo. Sensa ya uvuvi ya Ziwa Victoria, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiifanya kwa pamoja tangu mwaka 2000, huhesabu mialo, mitumbwi, wavuvi, nyavu na ndoano. Muamala wa benki ukipotea, mteja ana risiti na upande wa pili una hesabu yake. Mitumbwi iliyokuwa Ukerewe mwaka 2000 hakuna awezaye kurudi kuihesabu upya.

Taarifa za namna hii zinahitaji msimamizi asiyeridhishwa na ukimya. Mazoea yaliyoenea maofisini ni haya: programu ndogo inanakili kanzidata kila usiku, hitilafu ikitokea barua pepe inatumwa, na kwa kuwa hakuna barua iliyokuja, mambo ni shwari. Kasoro ya fikra hiyo ni kwamba barua inaweza kukosekana kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ama kazi imefanyika vizuri, ama kilichotakiwa kutoa taarifa nacho kimekwama.

Kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, iliyapata hayo tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wake, akihangaika usiku kurekebisha seva ya pili, alifuta faili za kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki kama 4.5. Walipokwenda kwenye nakala rudufu, ghala lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikigoma. Barua pepe za kutaarifu mgomo huo zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine, na kilichoandikwa ndani ya saa hizo sita hakikurudi. Kampuni ilieleza yote hadharani, jambo la kupongezwa, kwa sababu sasa msimamizi yeyote anaweza kukagua kwake kila kiungo kilichokatika kule.

Kwa hiyo king'ora kigeuzwe. Badala ya mfumo kuita unapokosea, uwe unatoa ishara kila unapofanikiwa, na mashine nyingine, isiyotegemea seva hiyo, ipige kelele saa iliyopangwa ikipita bila ishara kufika. Hata hivyo ishara huthibitisha kuwa faili limeandikwa, haithibitishi kuwa linafunguka. Walau mara moja kwa mwezi, nakala ya jana ichukuliwe na kusimamishwa kwenye kompyuta nyingine kama vile seva kuu haipo. Hesabu safu mlalo za majedwali makubwa, ulinganishe na za mwezi uliopita. Tazama tarehe ya kumbukumbu ya mwisho. Kama ni hospitali, fungua daftari la mapokezi, mchague mgonjwa wa jana jioni, umtafute kwa jina. Kisha andika muda wote uliotumika tangu kuanza hadi kumpata.

Wapo watakaosema seva pacha inatosha, kwa kuwa kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza hufika kwenye ya pili papo hapo. Ndivyo, na amri ya kufuta nayo hufika papo hapo. Seva pacha hukinga dhidi ya kuungua kwa mashine. Dhidi ya mkono uliokosea haisaidii. Wengine hutegemea hifadhi ya nje ya nchi kupitia intaneti. Hifadhi hiyo ni nzuri, lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania nzima, Mwanza ikiwemo. Aliyehitaji kurejesha taarifa zake siku ile kutoka Ulaya alikuwa na nakala asiyoweza kuifikia. Moja iwe mbali, na nyingine iwe humu humu mjini, katika jengo tofauti.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Halmashauri yenye mtaalamu mmoja wa TEHAMA, ambaye ndiye pia anayetengeneza printa, itapata wapi seva ya majaribio? Jaribio halihitaji mashine ya kasi: kompyuta ya mezani iliyostaafu na diski kubwa vinatosha, hata kama kazi itachukua usiku mzima. Sharti ni kwamba taarifa za wagonjwa zikishawekwa hapo, kompyuta hiyo ifungiwe chumbani na ifutwe baada ya jaribio, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui mashine mpya na kuukuu. Muda wa mtaalamu nao unaweza kupatikana kwa kuzima ving'ora visivyodai hatua yoyote. Vibaki vichache: ishara ya nakala, seva pacha iliyochelewa, na diski, ambayo ipimwe kwa siku zilizobaki kabla ya kujaa kulingana na kasi ya ukuaji wake.

Na kwa watumiaji wa kanzidata ya Postgres: usafi wa ndani unaojiendesha wenyewe usizimwe kwa sababu tu unapunguza kasi mchana. Kanzidata hiyo huzipa kazi zake namba, nazo huishia kama bilioni mbili usafi usipofanyika, ikakwama. Februari 2019 huduma ya barua pepe ya Mandrill ilikwama kwa namna hiyo hiyo.

Hatimaye, muda wa kurejesha uliopimwa kwenye jaribio upelekwe kwa mkurugenzi kwa maandishi. Akielezwa kwamba kuirudisha kanzidata kunachukua saa tisa, na kwamba katika saa hizo mapokezi yataandika kwa kalamu, ataweza kuamua kama saa tisa zinavumilika au anunue diski za kasi zaidi, na ataagiza mapema madaftari ya kuandikia.