Barabara inayomnyima shangazi usingizi

Shangazi yangu anaishi Moshi na hajawahi kupanda ndege, lakini ikifika Januari anajua hali ya hewa ya Wyoming kuliko ya Marangu. Mwanawe anaendesha lori la mizigo Marekani. Kila siku saa 12 alfajiri, wakati kule ni saa 2 usiku wa jana yake, anasubiri ujumbe wa sauti wenye maneno mawili tu: “Nimeegesha, mama.”

Januari iliyopita ujumbe ulikuja na nyongeza. Barabara imefungwa kwa theluji na upepo, yuko mji unaoitwa Rawlins, hajui ataondoka lini. Alikaa pale siku mbili ndani ya lori.

“Wewe si unaandika mambo ya afya?” shangazi aliniuliza kwenye simu. “Basi nieleze, mwanangu. Nchi tajiri kama ile inafungaje barabara? Na hiyo barabara inakwenda wapi isikofika?”

Nilimwahidi kumtafutia jibu. Nimelipata, na ni refu kuliko nilivyodhani.

Barabara anayoipita binamu yangu inaitwa Interstate 80. Inaanzia Teaneck, New Jersey, ng’ambo ya mto kutoka jiji la New York, na inaishia San Francisco kwenye Bahari ya Pasifiki. Ni takriban kilomita 4,670. Inapita majimbo 11: New Jersey, Pennsylvania, Ohio, Indiana, Illinois, Iowa, Nebraska, Wyoming, Utah, Nevada na California. Mtu anayeifuata yote anapanda vilima vya Pennsylvania, anapita kusini mwa Chicago, anavuka mashamba ya mahindi ya Iowa, anaambatana na Mto Platte katika Nebraska, anapanda nyanda za juu za Wyoming, anakatiza jangwa la chumvi la Utah, kisha jangwa la Nevada, halafu anapanda tena milima ya Sierra Nevada kabla ya kushuka baharini.

Lakini kabla ya lami hii kulikuwa na njia nyingine, na kabla ya njia hiyo kulikuwa na tope.

Mama wa miaka 22 na gari lisilo na paa la maana

Tarehe 9 Juni 1909, mvua ikinyesha New York, mwanamke aitwaye Alice Ramsey aliwasha gari aina ya Maxwell na kuelekea magharibi. Alikuwa na umri wa miaka 22 na mtoto mdogo aliyemwacha nyumbani. Mumewe, mwanasheria, hakuwa mpenzi wa kuendesha. Ndani ya gari walikuwamo wanawake wengine watatu, mawifi zake wawili na rafiki mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kushika usukani. Kampuni ya magari ndiyo iliyogharamia safari, ikitaka kuonyesha kwamba kama mwanamke anaweza kulivusha gari lake nchi nzima, basi yeyote anaweza.

Walifika San Francisco Agosti 7, baada ya siku 59. Kati ya maili 3,800 walizosafiri, maili 152 tu ndizo zilizokuwa na barabara ya kujengwa. Alice alibadilisha matairi 11 kwa mikono yake. Iowa peke yake, ambayo leo binamu yangu anaivuka kwa muda usiozidi asubuhi moja, iliwachukua siku 13 kwa sababu ya tope. Rejeta ilipokauka, walichota maji mitaroni kwa vikombe walivyobebea miswaki yao. Hoteli moja ya Wyoming iliwapokea kwa kunguni.

Kisa kinachonichekesha zaidi ni cha kitabu cha njia. Enzi hizo hapakuwa na vibao, msafiri alielekezwa kwa alama: geuka kushoto kwenye nyumba ya njano. Waliitafuta nyumba ya njano bila kuiona. Mwenye nyumba hakupenda magari, alipenda farasi, kwa hiyo alikuwa ameipaka rangi ya kijani makusudi ili watu wa magari wapotee.

Alice hakuishia hapo. Aliivuka Marekani kwa gari zaidi ya mara 30 katika maisha yake, na alifariki mwaka 1983.

Barabara ya Lincoln

Miaka mitatu baada ya safari yake, tajiri wa Indianapolis aliyeitwa Carl Fisher, ambaye fedha zake zilitokana na taa za magari zilizotumia gesi, alitoa wazo la barabara moja ya mawe kutoka bahari hadi bahari. Alitaka wenye viwanda wachange. Wengi walichanga. Henry Ford alikataa, akisema kazi ya barabara ni ya serikali, na kwamba watu wakizoea kujengewa na matajiri hawatakubali kulipia barabara kwa kodi. Ukiniuliza mimi, kwa hilo Ford alikuwa na hoja.

Mwaka 1913 chama cha kusimamia mradi kiliundwa na njia ikatangazwa: Barabara Kuu ya Lincoln, kwa heshima ya Rais Abraham Lincoln, kutoka Times Square, New York hadi Lincoln Park, San Francisco, maili 3,389, yaani karibu kilomita 5,450. Neno barabara lilikuwa la matumaini zaidi kuliko la ukweli. Sehemu kubwa ilikuwa mistari kwenye ramani iliyounganisha njia za mikokoteni. Chama kilijenga vipande vya zege vya maili moja moja mbali na miji, cha kwanza mwaka 1914 karibu na Malta, Illinois. Viliitwa maili za mbegu: mwananchi apite kwenye tope, aonje maili moja ya zege, arudi kwenye tope, halafu aende kumsumbua diwani wake.

Nimesoma maelekezo ya kitabu cha wasafiri cha mwaka 1916 na kama mwandishi wa afya nimeyapenda. Usivae viatu vipya safarini. Usiingize gari kwenye maji kabla ya kuvua viatu na kuyapima kwa miguu yako. Ukishapita Omaha, beba vifaa vya kulala nje. Ukikwama jangwani Utah, karibu na Fish Springs, washa moto wa vichaka. Mwenye shamba la mifugo ataona moshi kutoka maili nyingi na kuja kukuvuta kwa farasi.

Jeshi nalo lilijaribu. Julai 7, 1919 msafara wa magari 81 uliondoka Washington, ukaingia kwenye Barabara ya Lincoln huko Gettysburg na kufika San Francisco Septemba 6. Siku 62, mwendo wa wastani wa maili kama sita kwa saa. Malori yalivunja madaraja ya mbao, yakazama kwenye mchanga wa Utah, askari wakayasukuma kwa mabega huku maji ya kunywa yakigawiwa kwa kipimo. Miongoni mwao alikuwamo ofisa wa miaka 28, Dwight Eisenhower. Alipofika Nebraska mkewe Mamie na wakwe zake walikuja kwa gari kumpokea na wakafuatana na msafara hadi Laramie, Wyoming. Nadhani ndizo siku pekee alizokula vizuri.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa rais. Juni 29, 1956 alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu za kisasa, mradi uliozaa Interstate 80. Hakukuwa na sherehe, kwa sababu alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, akipata nafuu baada ya kufanyiwa upasuaji wa utumbo mapema mwezi huo.

Wakati huo jina la Lincoln lilishaondoka rasmi. Katikati ya miaka ya 1920 serikali iliamua barabara ziwe na namba, na sehemu kubwa ya njia ikawa barabara namba 30. Septemba 1, 1928 vijana wa skauti walisimika nguzo za zege zaidi ya 2,400 kandokando ya njia ili jina lisipotee. Huko Tama, Iowa lipo bado daraja la mwaka 1915 ambalo kingo zake zimeandikwa jina la barabara kwa herufi za zege.

Si kila familia iliifaidi njia kwa namna moja. Mtu mweusi aliyekuwa na gari na fedha mfukoni angeweza kunyimwa chumba, chakula, hata choo. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mgawa barua wa Harlem, New York, alichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi wapi watapokewa. Kina mama walipika chakula cha safari nzima na kubeba ndoo kwa ajili ya watoto. Sheria ya kukataza ubaguzi katika hoteli na migahawa ilikuja mwaka 1964.

Kwa nini inafungwa

Sasa swali la shangazi. Barabara ya Lincoln ilipotoka Laramie ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow, kama reli ilivyofanya kabla yake. Wajenzi wa Interstate 80 walitaka kukata kona, wakaipitisha karibu na Mlima Elk, wakaokoa maili zipatazo 19. Wenyeji wafugaji waliwaonya kwamba upepo wa pale si wa kuchezea. Hawakusikilizwa. Kipande hicho kilifunguliwa Oktoba 3, 1970. Siku nne baadaye kilifungwa kwa theluji.

Tangu hapo jimbo limejenga uzio mrefu wa mbao kandokando, wa kuikamata theluji kabla haijafika barabarani, na umesaidia sana. Lakini upepo haukamatwi, na lori lisilo na mzigo hupinduliwa kama boksi. Kwa hiyo wanafunga. Rawlins, alikokwama binamu yangu, ni upande wa magharibi wa kipande hichohicho.

Nilimweleza shangazi kuwa kufungwa kwa barabara si jambo la kumkosesha usingizi. Mwanawe akiwa ameegesha, yuko salama. Mimi ninayemwogopea ni yule anayeendesha kwenye barabara iliyo wazi na tulivu, saa 10 alfajiri. Nebraska, kati ya Lincoln na Grand Island, Interstate 80 inakwenda karibu kilomita 116 bila kona ya maana. Mwili wa binadamu husinzia zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena mchana baada ya chakula. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kushtuka kama aliyekunywa pombe. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Kinachosaidia ni kulala, hata dakika 20.

Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10. Kifaa kwenye injini kinarekodi, hakidanganyiki kirahisi kama daftari la zamani. Huko Walcott, Iowa kuna kituo kikubwa mno cha malori kando ya barabara hii, chenye mabafu, kinyozi na hata daktari wa meno. Binamu aliwahi kung’olewa jino pale. Tatizo ni kwamba saa za kupumzika zinapofika, maegesho mara nyingi yamejaa, na dereva aliyechoka analazimika kuendelea kutafuta mahali.

“Kwa hiyo nimuulize nini?” shangazi akasema.

Nikamwambia asimuulize yuko wapi. Amuulize amelala saa ngapi jana, na kama mkewe au anayelala naye chumba kimoja amewahi kumwambia kwamba anakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, maana ugonjwa huo huwapata madereva wengi na una tiba.

Nilipokwenda Moshi Pasaka nilimwekea kwenye simu kamera za barabara za Wyoming, ambazo jimbo linazionyesha kwa yeyote mwenye intaneti. Picha ilikuwa ya lami iliyonyooka, theluji pembeni, malori mawili kwa mbali. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili.

“Lake ni la bluu,” alisema. “Haya yote ni meupe. Hebu nitafutie kamera nyingine.”