Ugomvi wa Kodeki: Kwa Nini Kompyuta Hujifunga Tufunguapo Picha za Nyumbani



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Brussels, kuanzia Matonge na Schaerbeek hadi Anderlecht na Molenbeek, lipo sanduku moja la kadibodi ambalo halitupwi hata familia ihame mara ngapi. Ndani yake mna kanda za VHS, diski za VCD na DVD, na siku hizi vijiti vya USB: harusi ya Bukavu, ubatizo wa Bujumbura, maulidi ya Mombasa, matanga ya mzazi ambaye mwanawe hakuweza kwenda kumzika kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Kwa wengi wetu, picha hizo ndizo mazishi tuliyoyahudhuria na ndiyo harusi tuliyoicheza. Kwa hiyo kompyuta inapogoma kuzionyesha, au inapojifunga kila tuligusapo faili, hilo si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la ukoo.

Twaliandika hili kwa sababu dawa inayotumiwa mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote: kompyuta hufutwa yote na kupangwa upya, na picha zikapotea pamoja na ugonjwa. Aghalabu ugonjwa wenyewe ni mdogo, nao una jina.

KODEKI NI NINI?

Picha za video zikiachwa jinsi zilivyo ni nzito mno. Sekunde moja ya picha za rangi, kwa kipimo cha televisheni ya PAL iliyotumika Ubelgiji, huchukua takriban megabaiti 31. Diski ya CD ya megabaiti 700 ingejaa kabla ya nusu dakika kwisha, na bibi harusi hajashuka garini. Ndiyo maana picha hubanwa kabla ya kuhifadhiwa, kisha hukunjuliwa wakati wa kutazamwa. Programu ndogo ifanyayo kazi hiyo ya kubana na kukunjua ndiyo iitwayo kodeki.

Wazee wetu watalielewa jambo hili kwa mfano wa kanda. Televisheni ya Zaire ilifuata mtindo wa SECAM, na ya Ubelgiji ilifuata PAL. Kanda iliyonaswa Kinshasa, ikitiwa katika mashine ya PAL tu, ilitoa picha zisizo na rangi. Kanda ilikuwa nzima na mashine ilikuwa nzima, ila havikuzungumza lugha moja. Kodeki ni mkalimani baina ya faili na kompyuta. Asipokuwapo, hatuoni kitu. Wakizidi wakalimani na kila mmoja akataka kusema, mkutano huvunjika.

WAKALIMANI WALIVYOONGEZEKA

Kundi la wataalamu liitwalo MPEG liliundwa mwaka 1988 ili dunia iwe na kanuni za pamoja. Kutokana na kazi yake ilipatikana VCD ya mwaka 1993, kisha DVD. Mwaka 1999 ilitokea DivX, iliyotokana na kodeki ya Microsoft iliyovunjwa kufuli, na mwaka 2001 ikafuata Xvid. Hizo mbili ziliwezesha filamu nzima kuenea katika CD moja, nazo zikapendwa mno. Mwaka 2003 ilipitishwa kanuni ya H.264, ambayo hata leo husomwa na takriban kila simu, televisheni na kompyuta.

Jambo linalowachanganya watu ni jina la faili. Herufi za mwisho, kama vile AVI, hazitaji kodeki bali hutaja kapu. Kapu la AVI, lililoletwa na Microsoft mwaka 1992, huweza kubeba DivX, Xvid au nyingine nyingi. Makapu mawili ya sura moja yaweza kubeba, moja mihogo na jingine ndizi. Ndani ya kapu mna kibandiko cha herufi nne kinachoitambulisha kodeki, lakini mtazamaji wa kawaida hakioni.

UGOMVI WATOKA WAPI?

Katika Windows, kodeki huandikishwa katika daftari moja linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kila kodeki hupewa cheo kwa namba. Faili ifunguliwapo, mfumo huitafuta kodeki yenye cheo kikubwa inayodai kulijua faili hilo. Hapo ndipo penye fitina: baadhi ya kodeki hudai kujua kila kitu na kujipa vyeo vya juu. Mtu aliyepakia furushi moja la kodeki mwaka 2006, jingine mwaka 2009, na la tatu kwa ushauri wa jirani, ana wakalimani kumi wanaogombania faili moja. Mmoja huanza kazi, mwingine huingilia kati, na programu nzima hujifunga.

Tena kuna hila moja ambayo watu wengi hawaishuku. Tufunguapo folda yenye video, Windows hujaribu kutuonyesha kijipicha cha kila faili. Ili kupata kijipicha hicho hulazimika kuita kodeki. Kodeki ikiwa mbovu, folda hujifunga kabla hatujabonyeza chochote. Mwenye kompyuta husema, «Folda imeingiwa na virusi,» naye huenda akaifuta. La hasha! Faili ni nzima, na aliyekosea ni mkalimani.

TUUTAMBUEJE UGONJWA?

Dalili hutofautiana. Kodeki hufanya kazi ndani ya programu iliyoiita. Kwa hiyo ikianguka, kwa kawaida huanguka na programu hiyo tu: dirisha hutoweka, au folda hufumba na kufumbua, lakini kompyuta yenyewe huendelea. Iwapo skrini nzima hugeuka buluu na mashine kujiwasha upya, tusiilaumu kodeki upesi. Tuangalie kwanza kiendeshi cha kadi ya picha, joto lililozidi kwa sababu ya feni iliyojaa vumbi, au kumbukumbu mbovu. Kwa kompyuta zilizonunuliwa sokoni pa Place du Jeu de Balle, vumbi ni mshukiwa wa kweli.

HATUA ZA TIBA

Kwa kuwa kompyuta nyingi za hapa huzungumza Kifaransa, twayataja majina jinsi yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwanza, tuziokoe picha. Kabla ya kugusa lolote, tufungue «Panneau de configuration», twende kwenye chaguo za folda, kisha «Affichage», na tutie alama penye «Toujours afficher des icônes, jamais des miniatures». Sasa folda haitaita kodeki tena. Tuinakili folda yote kwenye diski ya nje. Hatua hii isirukwe hata kama mgeni ajuaye kompyuta amekuja na haraka zake.

Pili, tulipime faili. Tupakie VLC, programu iliyoanzia katika kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na kutolewa bure kwa umma mwaka 2001. Alama yake ni koni ya barabarani yenye rangi ya machungwa. VLC hubeba kodeki zake yenyewe, haiazimi zile za Windows. Basi, faili likicheza vizuri ndani ya VLC, tumekwisha jua kwamba faili ni zima na ugomvi uko katika daftari la Windows. Tukibonyeza Ctrl pamoja na J tutaona jina la kodeki iliyobana picha zetu. Ikiwa VLC nayo yajifunga, tuzime ndani yake usaidizi wa kadi ya picha katika kukunjua video. Ikitulia, tatizo liko kwenye kiendeshi cha kadi hiyo, nacho kitafutwe kipya kwa mtengenezaji.

Tatu, tumtafute mkosaji. Tufungue «Observateur d'événements», kisha «Journaux Windows», kisha «Application». Kila programu iliyoanguka ina alama nyekundu, na chini yake limeandikwa jina la moduli iliyosababisha anguko. Tukikuta jina kama ffdshow.ax, xvid.ax au divxdec.ax, tumemshika mshukiwa.

Nne, tuyaondoe mafurushi. Kwanza tuweke alama ya kurudia kwa njia ya «Restauration du système». Kisha, katika orodha ya programu, tuondoe furushi lililoingia mwisho, tuwashe kompyuta upya na kujaribu. Tukiona bado, tuondoe linalofuata. Tusiyaondoe yote kwa mkupuo, maana hatutajua lipi lilikuwa na kosa, na huenda programu nyingine ikahitaji mojawapo.

Tano, tusiyarudishe. Tangu Windows 7, mfumo wenyewe unajua kusoma H.264, na hata faili nyingi za DivX na Xvid. Kwa DVD na vitu vya kale, VLC inatosha. Haja ya mafurushi ilikuwa kubwa mwaka 2003, lakini leo kwa familia ya kawaida haipo.

MTEGO WA KODEKI BANDIA

Hapa twaomba wazazi wasome kwa makini pamoja na watoto. Tangu mwishoni mwa mwaka 2005 ilienea programu haribifu iliyoitwa Zlob. Ilimwambia mtazamaji kwamba video haiwezi kuonekana mpaka apakie kodeki fulani. Aliyekubali alipakia mwizi kwa mkono wake mwenyewe. Zlob imepita, ila ujanja wake haujapita.

Nao umepata mlango mpya. Tangu mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo huo hunasa video kwa kodeki ya HEVC. Jamaa wa Nairobi au Lubumbashi atumapo video ya aina hiyo, kompyuta ya Windows hapa Brussels huenda ikakataa kuifungua. Kwa uchungu wa kutaka kumwona mzee mgonjwa, mtu huandika neno kodeki kwenye intaneti na kubonyeza cha kwanza akionacho, na kesho yake akaunti ya benki iko mikononi mwa wengine. Dawa ni nyepesi: tufungue kwa VLC iliyopakiliwa katika tovuti yake, videolan.org, au tumwombe jamaa achague «Le plus compatible» katika mipangilio ya kamera ya simu yake. Kanuni ya kuwafundisha watoto ni hii: ukurasa ukikwambia upakie kodeki ndipo uone, funga ukurasa huo.

Kompyuta kuukuu zina hatari zaidi. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyotunzwa yaweza bado kutuonyesha harusi, lakini ni heri iwe imetengwa na intaneti, na shughuli za benki na za commune zifanyiwe kwingine.

TUSINGOJE KESHO

Kuponya kompyuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzihamisha picha katika lugha itakayosomwa na wajukuu. Programu ya bure iitwayo HandBrake hugeuza AVI za kale kuwa MP4 ya H.264. Tusifute faili la asili baada ya kugeuza, kwa kuwa kila ugeuzaji hupunguza kidogo ubora wa picha.

Kuhusu kanda za VHS, muda unatukimbia. Kampuni ya Funai ya Japani, inayofahamika kuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Mashine zilizobaki zinachakaa, nazo kanda zinafifia hata zikiwa zimelala sandukuni. Aliye na mashine nzima asiipeleke kwenye taka za umeme kabla ya kuwauliza majirani.

Tena tuweke nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu aishiye nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Moto, mwizi na maji ya bomba havipigi hodi. Pamoja na nakala tuandike karatasi yenye majina: huyu ni nani, siku gani, mahali gani. Maana kodeki yaweza kukunjua sura za watu, lakini haiwezi kutuambia ni nani yule aliyesimama nyuma ya shangazi. Hilo walijua wazee peke yao, na wazee ndio wa kuulizwa sasa.

Twawashauri wasomaji wakate kurasa hizi na kuziweka karibu na kompyuta. Asiye na mashine, au asiyethubutu kuanza peke yake, aulize katika commune yake habari za vituo vya EPN, ambako wananchi husaidiwa kutumia kompyuta. Aende na diski yake ya nje, na nakala iwe imebaki nyumbani.

Mpaka toleo lijalo, twawatakia afya njema na macho ya kuwaona wapendwa wenu.