Je, Wajua? Fonti za Tasnifu na Herufi za Kisomali
Times New Roman, fonti iliyozoeleka mno katika tasnifu, ilibuniwa kwa ajili ya gazeti. The Times la London lilianza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Herufi zake ni nyembamba, hivyo maneno mengi huingia katika safu moja. Saizi ya 12 ni kama milimita 4.2, ingawa herufi yenyewe huwa fupi zaidi.

Kwa mwanafunzi wa Banissa, Kaunti ya Mandera, anayenukuu Kisomali, uteuzi wa fonti ni jambo zito. Tangu 1972 lugha hiyo huandikwa rasmi nchini Somalia kwa alfabeti ya Kilatini, bila alama juu ya herufi, kwa hiyo fonti yoyote ya kawaida huimudu. Hata hivyo, neno Il, yaani jicho, likianza sentensi kwa Arial huonekana kama vijiti viwili vilivyosimama. Kwa Times New Roman kila herufi hujitambulisha. Mwandiko mwingine wa Kisomali, Osmanya, uliobuniwa na Osman Yusuf Kenadid mwanzoni mwa miaka ya 1920, haumo katika fonti hizo mbili. Kompyuta isiyo na fonti nyingine yenye mwandiko huo huonyesha visanduku vitupu. Noto Sans Osmanya inazo herufi zake zote.