Neema inayotulea

Ukimsalimia mkristo wa kwetu na kumwuliza habari zake, mara nyingi atakujibu: "Tuko kwa neema ya Mungu." Ni jibu zuri. Hapa mashariki ya Kongo, ambako jamaa nyingi zimekimbia nyumba zao zaidi ya mara moja, kuamka mzima ni jambo la kumshukuru Bwana kweli. Lakini jibu hilo linaonyesha pia namna tunavyoelewa neema. Kwa wengi wetu, neema ni kupona, kupata na kufika. Nimefaulu mtihani kwa neema. Nimepata kazi kwa neema. Na yule aliyefukuzwa kazi asubuhi hiyohiyo, yeye amekosa neema?

Mitume, walipoandika kwa Kigiriki, walitumia neno charis. Ni zawadi inayotoka katika upendo wa mtoaji, wala anayeipokea hana haki ya kuidai. Katika Waefeso 2 Paulo anaeleza wazi kwamba wokovu wetu umetoka huko, wala si katika matendo yetu, ili mtu yeyote asipate la kujisifia. Jambo hilo linahubiriwa vizuri katika makanisa yetu, na watoto wa Shule ya Jumapili wanalijua. Ugumu unaanza Jumatatu. Zawadi hiyo ikishapokelewa, inafanya nini ndani ya mtu? Jirani yake ataiona wapi?

Paulo anajibu katika barua kwa Tito, mtumishi aliyeachwa kisiwani Krete kulitengeneza kanisa changa. Soma Tito 2:11 hadi 14. Hapo neema imeonekana, na baada ya kuonekana inafanya kazi ya mwalimu: inatufundisha kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi na haki katika dunia hii ya sasa. Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile kinachotumika kwa kumlea mtoto. Anayelea mtoto anamfundisha, anamwonya, anamrudi, na zaidi ya yote anamngojea. Hakuna mama anayemtupa mtoto nje kwa sababu ameanguka siku anajifunza kutembea. Pia hakuna mama mwema anayemwacha atambae mpaka awe na miaka kumi.

Kulea kunachukua muda, na mfano mmoja wa kweli unatuonyesha ni muda gani. John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Ni yeye aliyetunga ule wimbo wa neema ya ajabu ambao hata kwetu unaimbwa kwenye ibada na kwenye matanga. Wengi wamesikia ushuhuda wake hivi: alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, dhoruba ikampata baharini, akaokoka, akaacha biashara ile. Ushuhuda ukisimuliwa hivyo ni mtamu, lakini haukuwa hivyo.

Dhoruba ilimpata mwezi wa Machi 1748, akamlilia Mungu, na siku ile aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake. Lakini baada ya hapo alirudi baharini. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa, akinunua watu kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi. Siku ya Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika sala, na chini ya miguu yao Waafrika walikuwa wamelala katika minyororo. Hata alipoacha safari hizo mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Dhamiri yake haikuwa imemshitaki bado. Alipata uchungaji mwaka 1764, akatunga wimbo ule kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773, na bado hakuwa ameikemea hadharani biashara ile. Kitabu chake kidogo cha kuikemea biashara ya watumwa, ambamo aliungama aibu yake mwenyewe, kilitoka mwaka 1788. Hesabu mwenyewe: ni miaka 40 tangu dhoruba. Mwaka 1807 bunge la Uingereza lilikataza biashara hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka uleule Newton akafariki.

Je, hakuwa na neema miaka ile yote? Mimi nadhani alikuwa nayo, na ilikuwa inamlea polepole, pengine akiipinga bila kujua. Lakini nauliza swali lingine ambalo hatupendi kuliuliza kanisani. Yule mtu aliyefungwa chini ya meli, neema ya nahodha wake aliiona wapi? Aliyesamehewa anaweza kuimba kwa machozi, na mtu aliye chini yake asipate kitu. Kwa hiyo tusijiulize tu kama tunajisikia kuguswa tunapoimba. Tumwulize anayetutumikia nyumbani, anayetudai franka zake, na mkimbizi aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yetu.

Paulo alimwandikia Filemoni barua nzima juu ya jambo la namna hii. Onesimo, mtumwa wake, alikuwa mbali na bwana wake. Paulo anamrudisha, naye anaomba apokelewe kama ndugu mpendwa. Kama kuna deni, liandikwe kwa hesabu ya Paulo mwenyewe. Hapo upendo wa Mungu unaingia mpaka katika kitabu cha madeni cha nyumba ya mkristo tajiri.

Sasa nifike kwetu, maana ni rahisi kumhukumu Mwingereza wa zamani. Katika kanisa moja ninalolijua, msichana mmoja wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Wazee walimweka chini ya nidhamu: asiimbe, asishiriki Meza ya Bwana, akae benchi ya nyuma. Nidhamu yenyewe siipingi, kwa kuwa neema inayolea inaonya pia. Lakini mtoto alizaliwa, akaanza kukaa, akaota meno, na mama yake alikuwa bado kwenye benchi ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia siku ya kurudi. Na kijana aliyempa mimba alikuwa mbele kila Jumapili, akipiga gitaa. Ukisoma Yohana 8 utaona jambo hili si jipya: walimleta mwanamke peke yake, ingawa walisema amekamatwa katika tendo lenyewe.

Katika 2 Wakorintho 2 Paulo anazungumza juu ya mtu aliyeadhibiwa na kanisa. Anawaambia waamini kwamba adhabu ile imetosha, na sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Angalia ni nani anayepewa kazi hapa. Mkosaji amekwisha kuhuzunika. Ni kanisa linalopaswa kusimama na kumwendea, na lisipofanya hivyo, kosa linakuwa la kanisa. Nidhamu isiyo na mlango wa kurudia haitoki katika Tito 2, hata ikiitwa kwa jina la utakatifu.

Katika kanisa lile jambo lilianza kugeuka kwa njia ndogo. Jumapili moja mama mzee, mke wa mmoja wa wazee wa kanisa, aliacha kiti chake cha mbele, akaenda kukaa benchi ya nyuma. Hakusema kitu. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, na msichana akabaki na mikono mitupu ya kushika kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata alikaa hapohapo tena, na mama wawili wengine pamoja naye. Katikati ya juma wazee walikutana, na kwa mara ya kwanza walimwita pia yule kijana wa gitaa.