Mpando wa Mweka na hesabu ya marathoni ya kwanza

Mkimbiaji wa Mwanga anayetaka kukimbia marathoni yake ya kwanza hana haja ya kwenda mbali. Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mapema Machi, safari ya saa moja hivi kwa basi. Anachokosa mara nyingi si pumzi wala viatu, bali muda wa kulenga uliopigiwa hesabu sawasawa. Wengi huchukua muda wao wa nusu marathoni, wakauzidisha mara mbili, wakaongeza dakika chache za huruma, kisha wakashangaa miguu inapokataa kwenye kilomita ya 32. Hoja ya makala haya ni kwamba muda huo hautoki kwenye jedwali. Unatoka kwenye akiba ya mwili, joto la siku na umbo la njia, na kwa njia ya Moshi mambo yote matatu yanamtaka mgeni aanze taratibu kuliko anavyotamani.

Tuanze na jedwali lenyewe, maana halina ubaya wote. Kanuni inayotumika sana ni ya mhandisi Mmarekani Pete Riegel, na kwa mtu wa nusu marathoni inamaanisha kuzidisha muda wake kwa 2.085. Aliyekimbia nusu kwa saa mbili kamili kwenye barabara tambarare anaambiwa atamaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 10. Andrew Vickers na Emily Vertosick waliipima kanuni hiyo kwa wakimbiaji wa kawaida na kuchapisha matokeo mwaka 2016: inafanya kazi vizuri hadi nusu marathoni, lakini kwenye marathoni kamili iliwapa nusu ya wakimbiaji muda ulio mfupi kwa dakika 10 au zaidi. Sababu iko kwenye mafuta ya injini. Mtu wa kilo 65 hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, yaani karibu 2,740 kwa safari nzima, ilhali wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hata baada ya kula vizuri ni kama kilokalori 2,000. Pengo huzibwa na mafuta ya mwili, ambayo ni mengi lakini huunguzwa polepole, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyozidi kudai wanga. Kwa hiyo sekunde 20 za haraka kwa kila kilomita asubuhi, wakati mwili bado mwepesi, zinalipwa baadaye na riba. Ili kujaza akiba hiyo ya wanga, makande ni chakula kizuri siku mbili tatu kabla ya mbio. Asubuhi ya mbio yanakaa tumboni muda mrefu mno, na uji au ndizi mbivu vinafaa zaidi.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwishoni mwa Februari masika hayajafika, na ukanda wote wa Same, Mwanga hadi Moshi unaiva. Utafiti wa Matthew Ely na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba joto linapopanda kila mtu hupungua kasi, ila wa polepole hupungua zaidi; nao ndio wanaobaki juani saa nyingi. Hata bingwa hasamehewi. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, katika asubuhi ya joto, alitumia saa 2:09:48, zaidi ya dakika tano nyuma ya muda aliokimbia Valencia mwaka 2024. Ni kweli mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana, kwa hiyo si dakika zote tano ni za joto. Lakini Simbu alikaa kundini hadi mwisho, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Angekuwa ameng'ang'ania saa yake ya Valencia tangu mwanzo, sidhani kama angekuwa na cha kutoa pale kwenye utepe.

Kuna watakaosema mwanafunzi wa marathoni hahitaji saa kabisa, amalize tu. Watanzania tumelelewa na habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia lakini akaingia uwanjani kumaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, goti likiwa limefungwa bandeji. Heshima ile ni ya kweli, lakini Akhwari hakupanga kuumia. Asiye na muda hana kasi ya kufuata, na asiye na kasi hufuata umati, ambao kilomita za mwanzo huwa na wazimu wake. Isitoshe, lengo lina nguvu: wachumi wa Marekani waliochambua karibu matokeo milioni 10 ya marathoni walikuta watu wamerundikana dakika chache kabla ya saa kamili, kama saa 4:00. Lengo humsukuma aliyebakiwa na kitu mwilini. Aliyekwisha kauka halimsaidii.

Basi tuipige hesabu ya Moshi. Kwa miaka mingi njia imekwenda hivi: nusu ya kwanza ni barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini, karibu tambarare, kisha kilomita kumi hivi za kupanda kuelekea Mweka, takriban mita 300 juu, halafu kushuka hadi uwanjani. Mtu wetu wa saa mbili akienda dakika 6:15 kwa kilomita kwenye tambarare, 7:00 akipanda na 6:10 akishuka, anamaliza kwa saa 4 na nusu. Hilo ndilo lengo lake, na si saa 4 na dakika 10. (Kama nusu yake aliikimbia Moshi hapohapo, mlima umeshahesabiwa; asiuhesabu mara mbili.)

Mtu wa Usangi, milimani juu ya Mwanga, atacheka: sisi ni watu wa milima. Faida anayo, ila si ile anayoidhani. Usangi haifikii mita 2,000, kimo ambacho kuanzia hapo hewa nyepesi huifanya damu iongeze chembe nyekundu kwa kiasi cha maana. Iten ya Kenya iko mita 2,400. Faida ya mtu wa Usangi ni mteremko. Mtu anaposhuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: unavutwa kurefuka huku ukijaribu kujikaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kwa kila hatua. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake, na ngazi zinakuwa adui. Lakini msuli ulioumizwa hivyo mara moja na kupona huumia kidogo sana safari inayofuata, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Wakimbiaji wengi hupanda kwa mazoezi na kurudi kwa gari; barabara ya Usangi hadi Mwanga mjini inafaa kukimbiwa kuelekea chini, mara chache, kwa hatua fupi na magoti yaliyolegea, mara ya mwisho wiki tatu hivi kabla ya mbio ili paja lipate muda wa kupona.