Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya injini ya motokaa kuukuu. Huenda mama mmoja jikoni anasema, "Hayo ni mambo ya gereji, hayanihusu." Tafadhali usituache bado, mama. Habari yenyewe inaanza na mama kama wewe.

Mjane mmoja wa kanisani kwetu aliachiwa na mumewe Ford Prefect ya zamani, ya zile zilizotengenezwa Uingereza kabla ya mwishoni mwa 1953. Ilikaa miaka mingi chini ya mabati, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu, naye akawakatalia.

"Wanangu," alituambia, "motokaa hii ndiyo iliyonipeleka hospitali usiku wa kujifungua kifungua mimba wangu. Nataka kuipanda tena, hata kama ni siku moja tu."

Akauza ndama, akatukabidhi fedha. Sisi tulikuwa watatu, na kila mmoja wetu alijiona anajua magari.

Sasa tuielewe injini yenyewe. Ni ya valvu za pembeni, aina ambayo Wamarekani huiita flathead kwa sababu kichwa chake ni bapa. Katika injini nyingi za siku hizi, valvu ziko kichwani, juu ya pistoni. Katika hii zimesimama ndani ya bloki, kando ya silinda, na kichwa ni kifuniko tu kilichoshika plagi. Henry Ford alitumia mpango huo katika injini yake ya V8 iliyotoka 1932. Hii ya Prefect ni ndogo: silinda nne, cc 1172, na nguvu za farasi 30 hivi.

Uzuri wake ni kwamba ni rahisi kufungua, na haichagui sana petroli. Udhaifu wake ni joto, kwa maana moshi wa moto hupitia ndani ya bloki kabla ya kutoka nje. Tena, haina pampu ya maji. Maji yakishapata moto hupanda yenyewe mpaka kwenye radieta, yanapoa, kisha yanashuka chini tena. Radieta ikiziba kwa kutu, au maji yakipungua chini ya mpira wa juu, mzunguko huo hukoma na injini huungua.

Basi sisi tulifanya nini? Tulisikia kwamba injini "imegonga", tukaamua kuwa ni bearingi. Mmoja wetu akaenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, akauliza bearingi za Ford ya valvu za pembeni ya cc 1172. Akapewa. Zilikuwa mpya, zinang'aa, na tulifurahi sana.

Hazikuingia. Ford walitengeneza injini mbili za cc 1172, zenye silinda za upana uleule. Ile mpya, ya magari ya 100E yaliyoanza 1953, ina bearingi za vipande, za kutoa na kuweka. Ile ya kwetu haina kabisa. Bearingi zake ni madini laini meupe yaliyomiminwa ndani ya chuma chenyewe. Muuza spea hakutudanganya. Alitupa tulichokitaja. Kosa lilikuwa letu, nazo fedha zilikuwa za mjane.

Tulimwendea fundi mmoja mzee, tukamweleza. Hakutucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mlipima nini?"

Tukanyamaza.

Mzee alianza upya. Alilegeza nati za kichwa kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, ili kichwa kisipinde. (Wakati wa kukaza huanzia katikati kwenda nje.) Akaweka rula ya chuma juu ya kichwa na kuchungulia kama mwanga unapita. Akakwangua masizi, akatafuta ufa kati ya kiti cha valvu na silinda, mahali ambapo injini hizi hupasuka. Akapima silinda juu na chini, kwa kuwa ringi hula zaidi upande wa juu. Mwisho akafungua chini na kupima bearingi. Zilikuwa nzima!

Wapendwa, tulikuwa tumenunua kitu kisichoingia, tena kisichohitajika. Ugonjwa ulikuwa radieta iliyoziba, gasketi ya kichwa iliyoungua, na valvu moja ya moshi iliyoliwa na moto.

Hata valvu hiyo ilitufundisha jambo. Mguu wake umepanuka chini kama uyoga, kwa hiyo mwongozo wake umegawanyika vipande viwili. Valvu ya gari jingine haifai, hata ikifanana usoni. Tulipata nyingine katika injini iliyokufa kwenye banda la shamba moja huko Njoro, ya aina ileile, baada ya kulinganisha namba, urefu, unene na upana. Wenye injini hizi wana pia chama chao Uingereza, Ford Sidevalve Owners' Club, ambacho huwatafutia wanachama spea. Lakini hata huko ni lazima kwanza ujue yako ni ipi.

Valvu ilipokwisha kusagwa kwenye kiti chake, ilibaki nafasi ya chini. Injini hii haina skrubu ya kurekebisha nafasi hiyo. Fundi husaga mwisho wa mguu wa valvu, kidogo sana, anapima, anasaga tena. Mzee alituambia, "Chuma ukikipunguza, hakuna wa kukirudisha."

Tulimrudia mama, tukaungama, tukamlipa fedha za zile bearingi kutoka mifukoni mwetu. Haikuwa rahisi. Alisema tu, "Afadhali mmeniambia wenyewe."

Jumamosi moja injini iliwaka. Mama alikaa mbele, kitambaa chake kipya kichwani, tukampeleka mpaka lango la ile hospitali na kurudi. Njiani hakusema neno.

Basi, msikilizaji mpendwa, labda kwako pia kuna kitu ambacho watu wamekwisha kukiita chakavu. Labda ni mtu. Kabla ya kukubaliana nao, na kabla ya kukimbilia dawa ya dukani, fungua, tazama, upime. Na ukigundua kwamba ulikosea kwa fedha ya mwingine, usingoje aulize.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.